Sukari ya Mamkubwa Ilishushwa na Nini? Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ngamiani, Tanga

Simu ililia kabla ya adhana ya alfajiri. Binti wa Mamkubwa alikuwa akilia kiasi kwamba katika maneno yake nilishika mawili tu, "jasho" na "hatutambui". Kutoka kwangu Chuda hadi kwao Ngamiani kwa baiskeli ni dakika chache, na saa hizo barabara ni ya paka. Nilimkuta ameegemezwa ukutani karibu na jiko la vitumbua, unga wa mchele umeshaumuka kwenye beseni, kanga imemganda mwilini kwa jasho la baridi, macho wazi lakini hayamtazami mtu. Aliniita kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Nikamchoma kidole. Mashine ikasoma 2.3.

Mtu asiye na kisukari, hata akiamka na njaa, sukari yake huwa kati ya 4 na 6 hivi kwa kipimo chetu cha milimoli kwa lita. Chini ya 3.9 tunasema imeshuka. Chini ya 3 ubongo wenyewe umeanza kukosa chakula. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, tulimnywesha maji yaliyokorogwa sukari, funda kwa funda. Angekuwa amezimia nisingethubutu, maana kinachomiminwa kinywani mwa mtu asiyejitambua huweza kuishia mapafuni. Baada ya kama robo saa akauliza nani kazima jiko lake. Tukampakia bajaji kwenda hospitali.

Kama kisa kingeishia hapo nisingekiandika. Saa sita mchana, akiwa kitandani, dripu imeshatolewa na uji ameshakunywa, sukari iliporomoka tena hadi 3.1. Wakamrudishia dripu, akalazwa siku mbili. Ushahidi mkubwa wa kisa hiki uko kwenye ule mporomoko wa pili, na karibu kila mtu aliupita bila kuutazama.

Hukumu mbili, kosa moja

Daktari wa zamu aliposikia kwamba mgonjwa ana siku tisa anakunywa dawa ya kienyeji, aliandika kwenye faili "mitishamba" na kuipigia mstari mara mbili. Akawageukia mabinti: "Mnawaua wazee wenu kwa mikono yenu." Mabinti wakanyamaza kwa adabu. Nje, kwenye benchi, walikuwa na lao: dawa ya yule mzee wa sokoni ni kiboko, imeshusha sukari iliyowashinda hospitali miaka sita. Kijiko tu ndicho kilikuwa kikubwa. Wampunguzie.

Daktari na mabinti, kwa kweli, walikuwa wanasema neno moja: unga ndio ulioshusha. Mmoja akiuita lawama, wenzake wakiuita sifa. Mimi, mtu wa duka la dawa, sikuwa na hakika kama unga ulikuwa umefanya chochote.

Nimweleze mgonjwa kidogo. Mamkubwa ni dada wa mama yangu, ana miaka 63, na ameuza vitumbua na chai tangu sijazaliwa. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa masharti mawili: nisitaje jina wala barabara yake, na nisimfanye aonekane mlafi. Sharti la kwanza nimelishika.

Kisukari chake ni kile cha aina ya pili, cha ukubwani, ambacho kongosho bado linatoa insulini lakini mwili hauiitikii vizuri, na ini linamwaga sukari kwenye damu hata wakati mtu hajala. Alikuwa anatumia vidonge vya aina mbili: metformin ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenclamide ya miligramu 5, nayo asubuhi na jioni. Pamoja na hivyo vyote, sukari yake ya asubuhi kabla ya kula haikutoka kati ya 11 na 14. Ninajua kwa sababu mashine nilimnunulia mimi, na mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayeandika namba kwenye daftari la mistari, kila siku, na tarehe. Daftari hilo limenifaa katika kisa hiki kuliko faili la hospitali.

Kila mwezi kliniki aliambiwa "punguza wanga". Aliitikia. Kisha alirudi kwenye jiko lake, na mpishi wa vitumbua lazima aonje, la sivyo atajuaje kama tui limekolea na hamira imefanya kazi yake? Anaonja vitumbua vitano kabla ya saa moja. Chai vijiko vitatu vya sukari. Mchana bada la muhogo na samaki. Usiku wali wa nazi. Katikati, msimu ukiwa msimu, machungwa ya Muheza kwa kapu. Sukari ilipokataa kushuka, kidonge kiliongezwa. Ikakataa tena, kikaongezwa tena. Ukitaka kukielewa kisa hiki, shika hilo: kipimo cha vidonge vyake kilikuwa kimepimwa juu ya sahani iliyojaa.

Unga na miiko yake

Mwezi wa Shaaban shoga yake alimpeleka kwa muuzaji wa dawa sokoni. Akapewa chupa ya unga wa kahawia iliyokolea, mchungu wa kukunja uso: kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji moto, asubuhi na jioni, siku 40. Na pamoja na chupa akapewa miiko. Sukari asiguse. Soda asiguse. Kitumbua, andazi na chapati ni haramu kwake mpaka siku 40 ziishe. Muhogo na wali usiku, hapana. Ale mchicha, kisamvu, mbaazi, samaki wa kuchoma. Na kila siku baada ya swala ya alasiri atembee hadi afike pwani aone maji, ndipo arudi. Akivunja mwiko hata mmoja, dawa itamgeuka.

Mamkubwa, ambaye kwa miaka sita hakumsikiliza daktari hata mmoja, alishika miiko yote. Kuonja vitumbua akamwachia binti yake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga: "Baba, ile ni dawa. Dawa ina masharti. Kule kliniki mimi huambiwa punguza. Nipunguze hadi wapi?"

Daftari la mjukuu linaonyesha siku ya kwanza ya unga 12.4. Siku ya tatu 9.8. Siku ya sita 6.9, na pembeni mtoto kachora nyota. Siku ya nane 5.0. Siku ya tisa hakuna namba ya mjukuu; namba ya siku hiyo ni ile 2.3 niliyoipima mimi.

Mtu akiuona mteremko huo atasema unga una nguvu. Lakini siku ile ile ya kwanza, mambo manne yalibadilika kwa pamoja: unga uliingia, sukari ya chai na wanga wa usiku vikatoka, vitumbua vya alfajiri vikatoka, na miguu ikaanza kutembea. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni glibenclamide, miligramu 10 kwa siku.

Sasa niiseme tabia ya hiyo dawa. Glibenclamide hulilazimisha kongosho kutoa insulini, na hulilazimisha uwe umekula au hujala. Metformin peke yake ni nadra kumwangusha mtu, kwa sababu kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari. Glibenclamide haina huruma hiyo. Isitoshe, ini likishaivunja, mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari, na sehemu yake hutolewa na figo. Figo zikichoka kidogo, kama zilivyo za wazee wengi wenye kisukari cha siku nyingi, dawa hukaa mwilini. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka wazi kwamba glibenclamide haiwafai watu waliopita miaka 60, na gliclazide ndiyo imewekwa mbele. Mamkubwa ana 63. Kipimo cha figo kilichochukuliwa wodini kilionyesha zimepungua nguvu kiasi.

Hapo ule mporomoko wa saa sita unaeleweka. Umempa mtu glukozi, amepanda, halafu baada ya saa chache, akiwa kitandani, hajanywa unga wowote tangu jana jioni, anashuka tena. Hiyo ni tabia ya dawa ya jamii ya glibenclamide iliyobaki kwenye damu ikiendelea kukamua kongosho. Ni mara chache kikombe cha chai ya majani kikaacha alama kama hiyo.

Lakini "mara chache" si "haiwezekani", na unga bado sikuwa nimeuondolea shaka.

Kwa mzee sokoni

Nilikwenda siku ya pili yake. Nilijiandaa kukuta mtu wa kukwepa maswali. Sikumkuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Una sukari au una presha?"

Nikamwambia nina mama mkubwa aliyelazwa. Aliacha kufunga vikaratasi. Nikamuuliza kuna nini ndani ya chupa, akanitajia bila kujizungusha, akinionyesha magunia: karela, lile tunda chungu la mchuzi, lililokaushwa pamoja na mbegu zake, kokwa za zambarau zilizosagwa, uwatu, mdalasini anaouleta mwenyewe kutoka upande wa Amani, milima ya Usambara, na majani ya mwarobaini "ya kutia uchungu tu". Nikamuuliza kama aliambiwa mgonjwa anatumia vidonge. Aliambiwa. Alimkataza kuviacha.

"Mimi si wa kikombe," alisema. "Sikumwambia mtu atupe dawa yake."

Alikuwa na maana ya mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Kikombe kile kilisemwa kinatibu kisukari pamoja na mengine, na wapo waliorudi wakaacha vidonge. Mzee yule hakuwa wa kundi hilo. Kosa lake lilikuwa la upande wa pili kabisa, na wala hakulijua: alimwacha mgonjwa kwenye vidonge vyake vyote, kisha akamwondolea chakula ambacho vidonge hivyo vilikuwa vinapambana nacho.

Tulibishana kidogo. Alinitania kwamba sisi wa duka la dawa tunauza sumu za viwandani na wao wanauza mti wa Mungu. Nikamwambia kwamba metformin anayoitukana ni mjukuu wa mti wake huyo. Ulaya kuna mmea wa jamii ya kunde uitwao Galega officinalis, ambao watu waliutumia tangu enzi kwa dalili zinazofanana na za kisukari, za kiu na mkojo mwingi. Mmea huo huo uliua kondoo waliojilia malishoni. Kiini chake, galegine, kilijaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1920, kikashusha sukari kweli, lakini kikaachwa kwa kuwa sumu yake ilikuwa karibu mno na faida yake. Metformin, binamu yake wa maabara, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1922, ikasahauliwa, na ni mwaka 1957 ndipo daktari wa Paris, Jean Sterne, alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani haikuiruhusu hadi miaka ya 1990. Kutoka majani yaliyoua kondoo hadi kidonge cha miligramu 500 ambacho Mamkubwa anameza bila kufikiri ni zaidi ya miaka 30 ya kutenganisha kinachosaidia na kinachoua, na kujua kila kidonge kina kiasi gani.

Mzee akafikiri. "Basi na mimi nitenganishieni," akasema. Sikuwa na jibu. Huko huko Amani anakochukua mdalasini Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakapanda hadi mikwinini. Sisi tumebaki na miti, na kwa kiasi kikubwa kazi ya kutenganisha inafanyika kwa wengine.

Ndani ya chupa

Nirudi kwenye magunia yake, moja moja, lakini sitayapa uzito sawa.

Mwarobaini niuweke kando. Kwa kiasi alichotia ulikuwa wa uchungu tu kama alivyosema. Kokwa za zambarau zina jina kubwa India na kwetu pwani pia, lakini watafiti wa Brazil walipowapa watu chai ya majani ya mti huo na kulinganisha na chai isiyo na kitu, haikushusha sukari. Kokwa si majani, nakubali. Mdalasini ulipata umaarufu mwaka 2003, pale watu 60 huko Pakistan walipopewa gramu 1 hadi 6 kwa siku 40 na sukari yao ikashuka. Majaribio yaliyofuata yakatoa majibu yanayopingana, na wachambuzi waliokusanya yote mwaka 2012 hawakuona ushahidi wa kutosha. Angalau mdalasini wa Usambara ni ule halisi. Ule mwingine wa maduka ya jumla, kasia, una kumarini nyingi, ambayo mtu akiila kwa vijiko kila siku inaweza kudhuru ini.

Karela ndilo lililonitia wasiwasi. Lina vitu kadhaa vinavyoshusha sukari kwenye maabara, kikiwemo kimoja kinachofanya kazi mithili ya insulini. Kwa binadamu majaribio ni machache na madogo, na uchambuzi wa mwaka 2012 haukuweza kusema kwamba linatibu. Lakini jarida la Lancet lilichapisha mwaka 1979 kisa cha mwanamke aliyekuwa Uingereza, akitumia chlorpropamide, dawa ya ukoo mmoja na glibenclamide. Sukari yake ilikuwa inakwenda vibaya bila sababu kueleweka, mpaka ilipogundulika kwamba karela alilokuwa akilipika kwenye mchuzi lilikuwa linaongezea nguvu kidonge. Kwa hiyo siwezi kuliachia karela. Linaweza kuwa limesukuma kidogo gari lililokuwa tayari kwenye mteremko.

Kidogo kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo wanafunzi wenzangu wa zamani wanaonitumia makala za panya. Tafiti nyingi za mimea hufanywa kwa panya waliodungwa dawa ya kuharibu kongosho, kisha wakapewa mmea uliokamuliwa kwa spiriti na kukaushwa, tuseme miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili. Panya huvunja dawa haraka kuliko sisi, kwa hiyo ukitaka kipimo cha mtu unagawa kwa 6.2: unapata kama miligramu 65 kwa kilo. Mamkubwa ana kilo 70. Hiyo ni gramu nne na nusu za kile kilichokamuliwa. Lakini majani makavu gramu 100 yakikamuliwa yanaweza kutoa gramu 10 tu, kwa hiyo ili ufikie kipimo cha panya unahitaji gramu 45 za unga kila siku. Kijiko chake cha chai kinabeba gramu mbili au tatu, mara mbili kwa siku, na ndani yake kuna mimea mitano. Na maji ya moto hayatoi kwenye jani kile kinachotolewa na spiriti. Panya wa maabara na Mamkubwa wa Ngamiani hawakunywa dawa moja.

Uwatu ni habari nyingine, nao ndio ninaoupenda katika chupa ile. Wanawake wa pwani wanaujua. Mzazi hupikiwa uji wake maziwa yatoke, na siku hizo hata jasho lake hunukia uwatu. Ukiuloweka unatoa ute mzito. Ute huo ni nyuzinyuzi ambazo tumboni huufanya mlo upite polepole, hivyo sukari huingia kwenye damu kwa utaratibu. Huhitaji kiini cha siri kueleza hapo. Majaribio ya watu ni madogo na hayakufanywa kwa umakini mkubwa, lakini mengi yanaelekea upande mmoja. Ila lazima uliwe pamoja na chakula, na uwe mwingi kuliko robo ya kijiko iliyojificha kwenye mchanganyiko.

Imebaki shaka moja mbaya. Je, kama chupa ile ilitiwa kidonge kilichosagwa? Mambo haya yapo duniani. Singapore mwaka 2008 watu zaidi ya 100 waliingia hospitali sukari ikiwa imeanguka, wengi wao hawana hata kisukari, na wanne wakafa, kwa sababu dawa za "nguvu za kiume" walizonunua vichochoroni zilikuwa na glibenclamide. Nilimtazama yule mzee machoni na nikamwamini, lakini kumwamini mtu si kipimo.

Jinsi tulivyojaribu

Daktari bingwa aliyemwona kabla ya kutoka wodini alisikiliza hadithi yote na hakumgombeza mtu. Aliifuta glibenclamide, akabakiza metformin, akataka miiko iendelee. Nikamwomba ruhusa ya jambo moja zaidi, akakubali kwa sharti kwamba mgonjwa apime mara nne kwa siku na chupa ifungwe mara tu namba itakaposhuka chini ya 4.5.

Wiki tatu za kwanza: metformin na miiko, bila unga. Sukari ya asubuhi ilitulia kati ya 6.8 na 8.1. Kumbuka kwamba mwanzo, akiwa na vidonge vya aina mbili, ilikuwa 11 hadi 14. Miiko na metformin tu, bila glibenclamide na bila unga, ilifanya kazi ambayo miligramu 10 za glibenclamide hazikuweza.

Wiki tatu za pili: metformin, miiko, na unga kutoka chupa ile ile. Asubuhi 6.6 hadi 8.0. Hakushuka chini ya 5.7 hata siku moja. Kama chupa ingekuwa na glibenclamide ya kutosha kumwangusha, ingemwangusha tena, au angalau ingeonekana. Hapo nikamwondolea mzee ile shaka mbaya, na pia nikamwondolea sehemu kubwa ya sifa.

Kitu kimoja kilijitokeza ambacho sikukitarajia. Namba za saa mbili baada ya mlo mkubwa wa siku, katika wiki za unga, zilikuwa chini kwa kama 1 zikilinganishwa na wiki zilizotangulia. Nikashuku uwatu. Nikapanga wiki tatu za mwisho ziwe za uwatu mtupu, kijiko kikubwa kilicholowekwa usiku na kuliwa pamoja na chakula, ili nione kama tofauti hiyo itabaki.

Wiki hizo hazikukamilika. Siku ya tano kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na Mamkubwa ni somo wa bibi harusi. Siku ya sita mjukuu ameandika 15.2, na mbele yake, kwa mwandiko wake wa duara, "pilau, na keki, na akasema nisiandike". Siku ya saba vijiti vya kupimia vikaisha, na pesa ya vijiti mwezi huo ilikuwa imekwenda kwenye sare. Kwa hiyo kuhusu uwatu nina dalili, sina jibu.

Kasoro nyingine za jaribio hili nazijua. Ni mtu mmoja. Alijua lini anakunywa unga na lini hanywi, kwa sababu uchungu ule hauigiziki. Wiki tatu hazitoshi kipimo cha sukari ya miezi mitatu kuonyesha kitu. Na huenda katika awamu ya pili miguu yake ilikuwa imezoea kutembea zaidi. Lakini swali langu la kwanza, nini kilimwangusha alfajiri ile, nadhani limejibika: ilikuwa glibenclamide nyingi ndani ya mwili wenye figo zilizochoka, iliyokutana na mlo uliopunguzwa ghafla kwa nusu. Karela linaweza kuwa lilikuwa na mkono wake, mdogo. Na aliyeupunguza mlo alikuwa mwuza dawa, kwa kutumia kitu ambacho sisi wa hospitali tumekitupa: mwiko.

Hilo linanisumbua zaidi ya habari za karela. Tulimwambia "punguza wanga" mara sabini na zaidi. Yule mzee alimwambia usiguse kitumbua siku 40, tembea hadi uone maji. Amri yake ina mwanzo, ina mwisho, ina njia ya kupita na ina adhabu. Mkoa wetu hauko gizani katika kukalisha waganga na madaktari pamoja. Pangani walianza kufanya hivyo miaka ya mwanzo ya 1990 kwa ajili ya UKIMWI, na likazaliwa shirika la Tanga AIDS Working Group. Kwa kisukari sijaona meza kama hiyo. Laiti ingekuwapo, mtu mmoja angeuliza swali la sekunde kumi: huyu mama anayeanza miiko leo, kidonge chake cha kushusha sukari ni kipi, na nani atampunguzia?

Nimeona baadaye jirani mmoja akimshauri Mamkubwa achemshe yale maua ya waridi na meupe yenye majani ya kung'aa, yaliyoota yenyewe mbele ya nyumba nyingi za Tanga, kwa sababu nayo yanashusha sukari. Nilisimama hapo hapo. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walipokea majani ya mmea huo kutoka Jamaika, yakisifiwa kwa jambo hilo hilo. Wanyama waliopewa hawakushuka sukari ya maana. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Kutoka hapo ilipatikana vinblastine, dawa ya kutibu saratani. Si ya kuchemshia kwenye birika.

Ramadhani ilimkuta katikati ya awamu ya kwanza, na kwa kuwa glibenclamide ilikuwa imeshaondolewa, bingwa alimruhusu ajaribu kufunga, kwa ahadi kwamba akipima chini ya 3.9 au juu ya 16.6 atafungua saa hiyo hiyo hata kama magharibi imebaki dakika kumi. Alifunga 27, hakufungua hata siku moja kwa sababu ya sukari. Tatu zilizobaki anasema ni za mafua.

Wiki iliyopita mzee wa sokoni alinitumia mteja dukani. Mkononi ana kikaratasi cha kufungia dawa, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Huyu anakunywa glibe. Nimempa miiko, sijampa unga. Mpimeni kwanza."

Chupa ya Mamkubwa imebaki nusu, iko rafuni kando ya mashine. Nilimwambia aimwage. Akasema kitu cha watu hakimwagwi, na kwamba vijiti nitakavyoleta nilete vya kutosha, maana anataka kuimaliza ile hesabu ya uwatu.